Kwa nini leo na si jana? Kisa cha pumu ya Barcelona na vumbi la soya

Pumu tumezoea kuiona kama ugonjwa wa mtu mmoja mmoja. Fulani ana pumu, hali ya hewa ikibadilika anabanwa, akikaa karibu na moshi anabanwa, ana inhela yake mfukoni, anavuta, maisha yanaendelea. Hakuna anayesema "mji wetu una pumu leo". Sasa Barcelona, pale Hispania, kati ya mwaka 1981 na 1987 ndicho kilichokuwa kinatokea, mji unalala salama, siku mbili tatu au miezi inapita hakuna cha ajabu, halafu ghafla ndani ya masaa machache watu wanaanza kumiminika emajensi wamebanwa kifua, wengine hata sentensi moja hawaimalizi. Kesho yake kimya, kama hakuna kilichotokea.

Kisa hiki nimekisoma mara nyingi na kila nikirudi nakuta kitu, na nataka nikieleze chote kwa sababu naamini ndo kazi nzuri kuliko zote za utafiti wa pumu ninazozijua, na haikufanywa na dawa mpya wala mashine ya ajabu, ilifanywa na watu waliokataa kuacha swali moja.

Tuanze na ukubwa wa tatizo. Kwa miaka ile yote zilihesabika siku 26 za milipuko. Waliokumbwa walikuwa watu 687, na mara walizofika emajensi ni 1,155. Hebu ziangalie hizo namba mbili pamoja. Ukigawanya unaona watu walikuwa wanarudi, yaani kwa wastani karibu mara mbili kila mmoja, na hapo tayari kuna fununu ndogo: kitu kinachopita mjini kilikuwa kinawachagua, na aliyeshikwa leo alikuwa na nafasi kubwa ya kushikwa tena kitakapopita siku nyingine. Wengi walikuwa watu wazima, watoto hawakuonekana kwenye wimbi hili, jambo la kushangaza kwa sababu kwenye pumu ya kawaida watoto ndo wanaojaa. Na lilikuwa shambulio zito. Wengine waliishia chumba cha wagonjwa mahututi kwenye mashine ya kupumulia, wengine walifariki.

Nieleze kidogo kinachotokea ndani, kwa asiyewahi kubanwa. Kwenye pumu njia za hewa zinavimba, misuli inayozizunguka inakaza, na ute unaziba nafasi ndogo iliyobaki. Watu wengi wanadhani shida ni kuingiza hewa, lakini shida kubwa zaidi ni kuitoa, hewa inaingia kidogo inanasa, unaongeza nyingine juu yake, mapafu yanajaa kama puto na wewe unahisi unakufa kwa kukosa hewa huku kifua kimejaa hewa. Kwa shambulio la kawaida hali inazorota kwa masaa au siku, mtu ana muda wa kushtuka. Hawa wa Barcelona walishuka haraka sana. Na daktari wa zamu alichokiona ni wagonjwa kumi kumi na zaidi, nebulaiza (mashine za kuvutishia dawa) hazitoshi, kila mtu anahangaika kuokoa aliye mbele yake, na hapo nani ana muda wa kuuliza wa hospitali nyingine wako wangapi?

Ndo palipokuwa na tatizo la kwanza. Kila hospitali iliona kipande. Hospitali moja ikiona wagonjwa kumi na wawili jioni moja inaweza kusema basi, imetokea, leo bahati mbaya. Mpaka mtu achukue vitabu vya emajensi za hospitali zote kubwa za mji, aviweke mezani pamoja, apange kwa tarehe na kwa saa, ndo mlima unaonekana. Aliyesimama kwenye kazi hiyo ni Josep Maria Antó, daktari wa mapafu na mtaalamu wa epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyosambaa kwenye jamii, pamoja na Jordi Sunyer na wenzao, wakiwa kwenye taasisi ya utafiti wa tiba ya manispaa ya Barcelona, wakishirikiana na madaktari wa hospitali za pale.

Na hapa kuna uamuzi ambao kwangu ndo moyo wa kisa kizima. Daktari anauliza, huyu mgonjwa ana nini? Ni swali sahihi kwa daktari. Lakini ukimhoji kila mgonjwa mmoja mmoja, hawa watu hawafanani, mmoja ana pumu toka utotoni, mwingine hajawahi, huyu anavuta sigara yule havuti, huyu alikuwa nyumbani yule alikuwa barabarani anatembea tu. Ukimtafuta mchawi ndani ya historia ya mgonjwa humpati. Antó na wenzake wakageuza swali, wakaacha kuuliza kwa nini huyu, wakauliza kwa nini leo na si jana. Yaani kinachochunguzwa sasa ni siku. Siku ya mlipuko inakuwa kama mgonjwa, na siku ya kawaida inakuwa kama mtu mwenye afya wa kumlinganisha naye. Ukishafanya hivyo unaweza kuiuliza siku maswali yote: upepo ulivuma kutoka wapi, hewa ilikuwaje, viwandani kulifanyika nini, bandarini iliingia meli gani.

Kitu cha kwanza kilichoshukiwa ni kile ambacho mtu yeyote angekishuku, moshi wa mji. Magari, viwanda, gesi za kawaida zinazopimwa kila siku. Ni dhana ya busara kabisa na ilichunguzwa, ila viwango vya gesi hizo havikutosha kueleza kishindo kama kile. Siku chafu zilikuwepo bila mlipuko. Nalitaja hili haraka haraka lakini lilikula muda wa watu.

Kisha wakachora ramani. Wagonjwa walikuwa wapi walipoanza kubanwa? Nukta zikaanza kujikusanya, hazikutawanyika mji mzima sawasawa, zikaelekea upande wa bandari na mitaa iliyo karibu nayo. Na kwenye saa pia zilijikusanya, ndani ya kipindi kifupi. Mwaka 1986 walichapisha kwenye jarida la kitabibu la Lancet wakisema wazi kwamba mlipuko una dalili ya kutoka sehemu moja. Kitu kinachotoka sehemu moja, kinabebwa na hewa, kinapita, kinaisha. Sio virusi, virusi vingeambukizwa na kuendelea siku zinazofuata. Sio chavua ya msimu, chavua ingekaa wiki nzima na ingegusa mji wote.

Basi wakaenda bandarini, na bandarini wakakutana na kitu ambacho mtafiti yeyote anakitamani, yaani daftari. Bandari inaandika kila kitu, meli gani, shehena gani, imeanza kushushwa lini, imemaliza lini, imeingia ghala lipi. Kwa miaka yote ile watu wakibanwa, jibu lilikuwa limeandikwa mahali, kwa ajili ya kazi nyingine kabisa, ushuru na mizigo. Hakuna aliyekuwa amelilaza daftari hilo pembeni ya vitabu vya emajensi.

Walichukua miaka miwili, 1985 na 1986. Kwenye miaka hiyo kulikuwa na siku 13 za mlipuko. Wakaangalia bidhaa moja moja iliyokuwa inashushwa bandarini. Soya ilikuwa inashushwa siku zote 13. Kumi na tatu kati ya kumi na tatu.

Sasa twende taratibu hapa maana ndipo mtu mwingine angepiga kelele za ushindi. Tuseme kwa mfano soya ilikuwa inashushwa nusu ya siku zote za mwaka (nusu ni ya mfano wangu tu). Nafasi ya siku 13 zote kuangukia siku za soya kwa bahati tu ni sawa na kurusha sarafu mara 13 na kupata kichwa mara zote, yaani mara moja kati ya 8,192. Bahati inakuwa imekwisha. Lakini bahati kuisha haimaanishi soya ndo mhusika, inawezekana kuna kitu kingine kinachotembea pamoja na soya. Na kweli kilitokea kimoja: kati ya bidhaa nyingine 25 walizozipima, ngano nayo ilionekana kuhusiana na siku za pumu. Ngano! Na vumbi la nafaka kubana vifua vya watu ni jambo linalojulikana, kwa hiyo ngano ilikuwa mshukiwa halali kabisa.

Walichofanya ni kulinganisha ngano huku soya ikiwa imehesabiwa ndani ya hesabu hiyo hiyo. Fikiria marafiki wawili wanaotembea pamoja, kila mahali kwenye wizi wameonekana wote. Unafanyaje? Unatafuta siku ambazo mmoja yupo na mwenzake hayupo. Soya ikishazingatiwa, uhusiano wa ngano ukadhoofika kiasi kwamba hauwezi kutegemewa. Soya ikabaki imesimama peke yake.

Bado kuna swali gumu, na ni swali ambalo ningeliuliza mimi kama ningekuwa upande wa kutokuamini. Soya inashushwa mara nyingi sana kuliko siku za pumu, mbona siku nyingi inashushwa na hakuna anayebanwa? Hili ndo jambo lililoificha soya miaka yote. Mtu anayefanya kazi bandarini angekuapia kwa haki kabisa kwamba soya imeshuka jana na juzi na wiki iliyopita na hakuna kilichotokea. Jibu lilikuwa hewani. Siku zote za mlipuko, bila kukosa hata moja, kulikuwa na kanieneo kubwa ya hewa na upepo mpole unaovuma kutoka kusini mashariki mpaka kusini magharibi, yaani upepo unaotoka upande wa bandari kuingia mjini. Kanieneo kubwa maana yake hewa imetulia, haipandi, haichanganyiki, kilichomo kinabaki chini kwenye usawa wa pua za watu. Upepo ukiwa mkali vumbi linatawanyika, upepo ukielekea baharini linaishia majini. Lakini soya ikishuka na hewa ikiwa imetulia na upepo mpole ukalisukuma vumbi taratibu kuelekea mitaani, wingu linafika likiwa zima.

Na vumbi lilikuwa linatoka wapi hasa? Hapa tusogee karibu. Nafaka ikitoka kwenye meli inapelekwa kwenye vihenge vile virefu na inamwagwa kutoka juu. Kihenge hakiko tupu, kina hewa. Kila tani ya soya inayoingia inasukuma nje hewa ya ujazo ule ule, na hewa hiyo inapanda ikiwa imebeba vumbi la maganda yaliyosuguana njia nzima. Kama juu ya kihenge kuna mifuko ya kuchuja, hewa inapita na vumbi linanasa kwenye kitambaa, ni wazo lile lile la mfuko ulio ndani ya mashine ya kufyonza vumbi nyumbani. Kihenge kimoja pale bandarini hakikuwa na mifuko hiyo. Kimoja. Vumbi lilikuwa linatoka kileleni, juu kabisa, mahali pazuri kuliko pote pa kukutana na upepo.

Lakini daftari na upepo bado ni ushahidi wa mbali, haujagusa hewa yenyewe wala damu ya mtu. Kwa hewa, walichukua vichujio vya vifaa vya kunasa hewa vilivyowekwa mjini, wakatazama kwa hadubini. Wakakuta chembe za wanga na seli za ganda la nje la mbegu, zenye umbo lisilotofautiana na za soya. Ganda la soya lina seli fulani zinazofanana na saa ya mchanga, pana juu na chini, nyembamba katikati, aliyezoea kuziona hazimpotei. Nikifikiria hiki kipande nasisimka kila mara, yaani unachukua kichujio kilichokaa mtaani kikipima uchafu wa mji, unakiweka chini ya lenzi, na unakuta ganda la mbegu iliyokuwa ndani ya meli.

Kwa damu, ndipo ulipofanyika utafiti ambao mimi binafsi nauheshimu kuliko sehemu zote za kisa hiki, ukaongozwa na Sunyer na kutoka kwenye Lancet mwaka 1989. Mwili wenye aleji na kitu unatengeneza kingamwili za aina ya IgE dhidi ya kitu hicho. Walichukua wagonjwa 86 waliobanwa siku za mlipuko. Sasa wawalinganishe na nani? Ukiwalinganisha na watu wenye afya wasio na pumu, mtu atasema bila shaka, wenye pumu wana aleji nyingi, hujathibitisha kitu. Kwa hiyo waliwalinganisha na wagonjwa wengine 86 wenye pumu hiyo hiyo, waliofika emajensi hizo hizo, tofauti ni siku tu, hawa walibanwa siku za kawaida. Ni lile lile, kwa nini leo na si jana, sasa limeingia mpaka kwenye damu. Waliokutwa na IgE ya soya kati ya wa siku za mlipuko ni 64 kati ya 86. Kwa wale wa siku za kawaida ni 4 kati ya 86.

Asilimia 74 kwa karibu asilimia 5. Sina la kuongeza hapo.

Baadaye ilifahamika kwamba kinacholeta aleji kiko zaidi kwenye ganda la soya, ni protini ndogo iliyomo kwenye maganda, na maganda ndo yanayogeuka vumbi kwanza nafaka ikisuguana. Hii ilinisaidia kuelewa kitu kilichokuwa kinanisumbua, mbona watu wanakula soya duniani kote na hatuoni haya? Kula na kuvuta ni njia mbili tofauti, na kinachovutwa hapa ni sehemu ya mbegu ambayo mara nyingi huondolewa kabla ya chakula. Mtu aliyebanwa na vumbi la bandarini hakuwa lazima awe na shida na soya ya kwenye sahani. Uchunguzi mwingine ukaonyesha kwamba wavutaji wa sigara na wenye mwili wa aleji walikuwa kwenye hatari zaidi, na hilo linasaidia kidogo kueleza kwa nini watu wazima walijaa hivyo.

Pia nisisitize jambo moja kwa wenzangu wenye pumu, kwa sababu najua mtu anaweza kusoma haya akaanza kuogopa soya na kila gari la nafaka linalopita. Hapana. Wale walikuwa wamevuta vumbi hilo mara nyingi bila kujua mpaka miili yao ikalitambua kama adui, ndipo siku ya wingu zito inapowaangusha. Inachotufundisha zaidi ni kwamba mtu akikuambia "nimebanwa na sijui kwa nini, sijafanya chochote" mwamini. Wale watu walikuwa wanasema kweli kabisa. Walikuwa wanatembea tu.

Suluhisho ni fupi. Mwaka 1987 hatua za kuzuia vumbi zilichukuliwa, kile kihenge kikawekewa mifuko ya kuchuja, na miaka iliyofuata milipuko haikuonekana. Ripoti kuu ya Antó na wenzake ilitoka New England Journal of Medicine mwaka 1989, na mwaka 1993 wakarudi kwenye jarida lile lile kuonyesha kwamba kuzuia vumbi kumefanya kazi. Hili la kurudi tusilipite haraka. Wangeweza kuishia kwenye ugunduzi, jina limepatikana, sifa zimepatikana. Lakini kama umesema vumbi ndo chanzo, basi vumbi likiondoka pumu ya milipuko lazima iondoke, na isipoondoka ulikosea. Ni mtihani ambao mtafiti anajitungia mwenyewe, na wao waliufanya, wakaendelea kuhesabu siku wakati hakuna tena mtu anayewauliza.

Na swali lao likasafiri. Cartagena, bandari nyingine ya Hispania, nako ikaonekana milipuko inahusiana na soya. New Orleans kule Marekani kulikuwa na milipuko ya pumu iliyosumbua miaka ya 1950 na 1960, ikasingiziwa mambo mengi, mpaka mwaka 1997 watafiti walipofungua data za zamani za 1957 hadi 1968 na kuziweka pembeni ya kumbukumbu za meli, wakakuta siku za pumu zinahusiana na uwepo wa meli za soya bandarini. Kwa miongo kadhaa majibu yalikuwa yamelala kwenye makaratasi. Hata Melbourne, Australia, tarehe 21 Novemba 2016, dhoruba ya ngurumo ilipovunja chavua ya nyasi na upepo wake kuimwaga mjini, maelfu wakajaa emajensi kwa muda mfupi na watu 10 wakapoteza maisha, chanzo ni kingine kabisa lakini umbo la tukio ni lile lile, siku moja, saa chache, kitu kinachopita na hewa, na watu ambao wengine hawakujua kabisa kwamba wana pumu.

Kama uko kwenye zamu ya emajensi, au unaweka rekodi za kliniki, andika saa mgonjwa alipoanza kubanwa na andika alikuwa wapi. Si tarehe peke yake wala anwani ya nyumbani peke yake. Ni mahali na saa vilivyoelekeza macho bandarini kule Barcelona.

Soya bado inafika Barcelona mpaka leo, meli zinaingia, vihenge vinajaa, na zipo siku hewa inatulia na upepo mpole unatoka baharini kuingia mitaani. Vumbi linabaki juu kule, ndani ya mifuko ya kitambaa.